Chagua pa kwenda kwanza, mazoezi yafuate

Mtu akitoka wodini baada ya kuumia uti wa mgongo, kila anayekuja kumjulia hali humuuliza, "Mazoezi unafanya?" Mimi nikienda kuwatembelea wenzangu huanza na swali jingine: "Ungependa kwenda wapi?" Akishanijibu, ndipo tunapanga mazoezi.

Mimi ni fundi muashi, naishi Temeke. Nilianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi nikaumia uti wa mgongo usawa wa kitovu, na sasa natembelea kiti mwendo. Ninayoandika yanamhusu zaidi mtu wa aina yangu, ila aliyevunjika mguu vibaya au aliyeumia kichwa naye atapata lake. Kabla ya lolote, daktari wako aseme kwamba mfupa umeshika na unaruhusiwa kukaa kwa muda mrefu. Mguu mmoja ukivimba ghafla au ukawa wa moto kuliko mwenzake, acha safari uende hospitali siku hiyohiyo, maana huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Wapo wanaodhani matembezi ni anasa ya kusubiri mpaka mtu apone. Sivyo. Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani, alipewa mwaka 1944 kuongoza wodi ya waliovunjika uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati huo wagonjwa wa namna hiyo walilazwa wakisubiri kufa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Yeye aliwageuza usiku na mchana, akawakalisha, akawapa michezo. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa na waliokuwa wagonjwa, 16 kwa idadi, walishindana kulenga shabaha kwa upinde palepale hospitalini, na mashindano hayo ndiyo yaliyokuja kuzaa Paralimpiki. Kuvuta upinde kulikuwa ni tiba: kunajenga mabega na kunafundisha kiwiliwili kusimama chenyewe.

Kwa hiyo taja unachokipenda, kisha kikate vipandevipande. Mimi nilitaka kurudi kuvua kwa mshipi upande wa Kigamboni. Ili nifike huko nilitakiwa nijue kujihamisha kutoka kitini hadi kwenye bajaji, kukaa zaidi ya saa moja bila kuumiza ngozi, kusukuma magurudumu kwenye njia mbovu, na kurusha mshipi bila kuegemea kitu. Nikampelekea orodha hiyo mtaalamu wangu wa mazoezi ya viungo. Akaniketisha ukingoni mwa kitanda tukawa tunarushiana mpira, kwanza karibu na kifua, baadaye pembeni kabisa, mpaka mwili ukajua kujirudisha wenyewe. Mazoezi yaleyale yaliyokuwa yakinichosha yakapata maana.

Kama bado huruhusiwi kutoka mbali, anza na baraza. Kwangu mimi hakuna kifaa cha mazoezi kinachoishinda bao. Mwenzangu mmoja wa wodini aliumia shingo, vidole vikawa vizito. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila kete inataka kuchotwa, kushikwa na kuachiwa moja moja. Mwanzoni alikuwa akizikokota kwa ubavu wa kiganja hadi ukingoni mwa shimo, ndipo azibane kwa kidole gumba. Na ukitaka kufikia shimo la mwisho kushoto sharti uiname na urudi, ambalo ni zoezi tosha la kiwiliwili. Aliyeumia kichwa naye anafanyia kazi kumbukumbu na hesabu. Wazee wa barazani watamsubiri, msimharakishe wala msicheze kwa niaba yake.

Siku ya kutoka, mambo matatu yasimamie wewe mwenyewe: mkojo, ngozi na joto.

Wanaotumia mpira wa mkojo wa kuingiza na kutoa huutumia kila baada ya saa 4 hadi 6, au kama walivyoelekezwa, na saa hizo ndizo zinazopima umbali wa safari yako. Usiache kunywa maji eti usisumbuke njiani, utajiletea maambukizi. Beba mpira, maji safi, sabuni, chupa na kanga ya kujisitiri. Kuhusu ngozi, jinyanyue au egemea upande kila baada ya dakika 15 hadi 30, na mto wako wa kukalia uende nao popote, hata ndani ya gari. Kwenye daladala usikubali kuwekwa pembeni ya dereva juu ya injini. Pale pana moto, nawe miguu haikwambii kitu, utashuka umeungua. Ukiwa umeumia juu zaidi, usawa wa kifua au shingo, mwili hautoi jasho la kutosha, hivyo toka asubuhi na mapema na uwe na kitambaa cha kulowesha shingoni. Kichwa kikianza kugonga kwa nguvu na uso ukatoka jasho, kaa wima, legeza nguo, toa mkojo haraka, na hali isipotulia mara moja kimbilia hospitali.

Watu wetu wana moyo wa kusaidia, lakini hawajui pa kushika. Wanne watakuvamia, mmoja atavuta pa kuegemea mkono, pachomoke, uangukie upande. Sema mapema, kwa sauti: "Ndugu zangu, shikeni fremu hapa na hapa, tunyanyue nikihesabu tatu." Pale pantoni ya Kivukoni omba uingie kabla umati haujaachiwa. Njia ya kushukia ni kali zaidi maji yakiwa yamekupwa, kwa hiyo shuka kinyumenyume, msaidizi akiwa nyuma yako upande wa chini. Kwenye mchanga pia usisukumwe mbele, magurudumu madogo yatazama. Msaidizi akiinamishe kiti kwa nyuma akuvute. Mchanga mgumu ni ule ambao maji yametoka kuuacha. Siku za bamvua hapa Dar maji hukupwa mbali kwenye saa nne asubuhi. Ukiingia majini vaa viatu, chaza atakukata usijue, na usiingie kabisa ukiwa na kidonda.

Ukishazoea mjini, jaribu treni. SGR, treni ya umeme ya reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, hutoka Dar hadi Morogoro kwa chini ya saa mbili, na ndiyo maana naipendekeza kwa safari ya kwanza ndefu: unatoa mkojo kabla ya kupanda, unashuka chini ya milima ya Uluguru ukiwa bado na muda. Fika stesheni mapema uwaambie wahudumu unachohitaji na uulize lifti iko wapi. Dodoma iache kwa safari nyingine.

Kesho yake usipange kitu. Usiku uleule uliorudi, jikague kwa kioo au mwombe mkeo, mumeo au ndugu akuangalie: makalio, mifupa ya nyonga, visigino. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo mtafute palipozidi weusi, na mpapase kwa mgongo wa kiganja kuona kama pana joto au ugumu. Alama isipofifia baada ya kuondoa uzito, usipakalie mpaka parudi kama palivyokuwa, na pakichubuka mwone nesi, hata kama tiketi ya Jumamosi umeshaikata.