Somo: Kukuza mmea-jiwe bila kuuozesha

Mmea-jiwe, jenasi ya Lithops, ni wa maeneo makame ya Namibia na Afrika Kusini. Una jozi moja tu ya majani manene yaliyoungana, yenye rangi ya kokoto zinazouzunguka. Porini karibu mwili wote hufukiwa; mwanga huingia kupitia vidirisha angavu vilivyo juu ya majani. Inayokufa kwa maji ni mingi kuliko inayokufa kwa kiu.

1. Changanya sehemu 3 za kokoto za milimita 2 hadi 4, zilizooshwa vumbi, na sehemu 1 ya mboji iliyochekechwa. Mchanga laini haufai, hushikamana na kuziba hewa.

2. Chagua chungu chenye tundu, kina sentimita 10 au zaidi, maana mzizi mkuu huzama.

3. Panda, zungushia kokoto, kisha usimwagilie kwa wiki moja ili majeraha ya mizizi yakauke.

4. Upe jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 4 au 5 kila siku. Uliotoka kivulini uzoeshwe polepole, la sivyo utaungua.

5. Maji. Hapa ndipo penye kazi. Mpasuko wa juu, ulio kati ya majani mawili, ukianza kufunguka na jozi mpya kuchungulia, acha kumwagilia kabisa. Jozi mpya inanyonya maji ya ile kuukuu. Ukimwagilia, majani ya zamani hujaa tena, hayakauki, na mapya hubanwa ndani. Ngoja mpaka ya zamani yawe maganda makavu kama karatasi, hata ikichukua miezi. Baada ya hapo mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu acha udongo wote ukauke. Dalili ya kiu ni ubavu uliokunjamana ambao haujajaa tena kufikia asubuhi. Joto likizidi sana mmea hulala, usiulazimishe kunywa.

Maswali ya wanachama

Wangu umerefuka kama kidole. Naweza kuufupisha?
Hapana. Umekosa mwanga. Usogeze juani, jozi ijayo itatoka fupi.

Umepasuka ubavuni, nikate?
Usikate. Ulikunywa kupita kiasi. Uache mkavu, kovu litaondoka pamoja na majani hayo.

Ua limenyauka bila kutoa mbegu, kwa nini?
Mmea haujirutubishi. Unahitaji mimea miwili ya spishi moja iliyochanua pamoja, isiyotokana na kugawanywa kwa mmea mmoja. Hamisha chavua kwa brashi laini mchana, maua yakiwa wazi. Tunda likishakauka, lidondoshee maji: vifuniko vyake hufunguka vyenyewe ndani ya dakika chache, kama porini mvua inaponyesha. Sia mbegu juu ya udongo wenye unyevu bila kuzifukia, funika kwa kioo. Nyingi huota ndani ya wiki 2. Maua yasubiri miaka 3 au zaidi.