Tiramisu ya nyumbani huanzia kwenye kahawa

Tiramisu ni kitindamlo cha Kiitalia cha biskuti zilizochovywa kahawa na krimu. Nyingi za nyumbani huharibika kwa mambo mawili: kahawa hafifu, na biskuti zilizolowa mpaka bakuli likatuama maji. Mapishi haya ni ya mtindo wa Treviso, kaskazini mwa Italia: hayana pombe wala ute wa yai, na hayahitaji oveni.

Kwa bakuli la sentimita 20 kwa 30, andaa mascarpone (jibini laini la krimu la Kiitalia) gramu 500, viini 6 vya mayai, sukari gramu 120, biskuti za savoiardi (ndefu, nyepesi na kavu) kama 30, espreso (kahawa nzito ya Kiitalia) mililita 300 na kakao isiyo na sukari.

Huna mashine ya espreso? Birika la moka, lile dogo la kupikia kahawa juu ya jiko, linatosha. La vikombe 3 utalipika mara mbili au tatu. Tia maji yaishie chini kidogo ya vali, jaza kahawa bila kuishindilia, weka moto mdogo, na uipue mara tu inapoanza kukoroma. Ukichelewa, uchungu wa kuungua utaingia kwenye kila tonge. Chagua kahawa iliyokaangwa sana na yenye robusta, aina ya kahawa kali, ndani yake. Waitalia huichanganya kwenye espreso yao, na nyingi huinunua Uganda. Arabika tupu iliyokaangwa kidogo humezwa na mafuta ya mascarpone. Usiitie sukari. Imimine kwenye sahani pana ipoe kabisa, maana ikiwa moto huibomoa biskuti hata hujaitoa.

Piga viini na sukari kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, bakuli lisiguse maji. Endelea hadi nyuzi 70, mchanganyiko uwe mweupe na mzito; hapo mayai yamekuwa salama. Usiache kupiga, la sivyo yataganda vipandevipande. Yapoze hadi bakuli lisiwe na joto mkononi.

Mascarpone itoe kwenye friji dakika 15 kabla, kwa sababu ikiwa baridi sana huacha mabonge. Ilainishe kwa mwiko, kisha ichanganye na viini kidogo kidogo. Mashine ya kupigia iweke mbali: mascarpone ikipigwa kupita kiasi mafuta hujitenga kama siagi. Ukiona chembechembe, acha papo hapo, tia vijiko viwili vya krimu ya uvuguvugu na ukoroge kwa mkono. Mara nyingi hurudi.

Mascarpone ikiadimika dukani, itengeneze: pasha lita moja ya krimu nzito hadi nyuzi 85, tia vijiko vikubwa viwili vya maji ya limau, koroga dakika 5, ipoze, kisha ichuje kwa kitambaa ndani ya friji usiku kucha.

Sasa biskuti. Ichovye sekunde moja, igeuze, sekunde nyingine, itoe. Vunja ya kwanza uipime: katikati pabaki mstari mwembamba mkavu. Mstari huo utamalizwa usiku na unyevu wa krimu, yaani ule mchanganyiko wa mascarpone na viini. Panga safu ya biskuti, nusu ya krimu, safu ya pili, krimu iliyobaki.

Funika, weka kwenye friji angalau saa 6. Saa 12 ni bora zaidi. Kakao ichekeche wakati wa kuandaa mezani, kwani ikikaa hunyonya maji na kuwa tope jeusi. Imalize ndani ya siku mbili.