Safari ya ukoo hadi Kigali: anzeni na sindano

Desemba ukoo wetu tunakutana Kigali, nami nahesabu siku tu. Tunatoka Dar, tunalala Nairobi kwa shangazi, kisha Kampala kwa binamu zetu, halafu tunavuka Gatuna hadi kwa bibi.

Kama nanyi mna safari ya namna hii, chanjeni homa ya manjano mapema. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ya kuchomwa juzi haikusaidii mpakani. Ukishakuwa nacho ni cha maisha; ndivyo ilivyo tangu 2016, hata kama kimeandikwa miaka 10. Vitafuteni vya zamani. Cha mama tulikikuta katikati ya Biblia yake.

Zawadi nazo msizifunge kwenye mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Dagaa na karanga za bibi nimevipanga kwenye kikapu cha ukindu, nikavifunika kwa khanga mpya, ambayo nayo ni yake.

Na Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo anayewapokea stendi mpeni saa za kwao.