Kuandaa Taazia Kabla ya Msiba Kufika

Kwa desturi ya Kiislamu maziko hayacheleweshwi, na kwa hiyo redio au televisheni ya Zanzibar haina siku kumi za kujipanga pale kiongozi anapofariki. Maalim Seif Sharif Hamad alifariki Dar es Salaam tarehe 17 Februari 2021, na kesho yake akazikwa Mtambwe, Pemba. Kituo kinachotaka kurusha maziko kama hayo kinapaswa kuwa na wasifu, sauti na wapiga picha tayari katika visiwa vyote viwili.

Kwanza mhariri aandike orodha ya watu, na asiishie kwa viongozi wa serikali. Masheikh, waimbaji na wanamichezo nao waingie. Bi Kidude alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, mwaka wake wa kuzaliwa haukuwa ukijulikana kwa yakini. Mambo ya namna hiyo huulizwa mhusika angali hai, katika mahojiano ya kawaida, bila ya kumtajia taazia, yaani habari ya maisha yake itakayorushwa akifariki, kwani wapo watakaoona kuwa ni kumchuria.

Taazia iandikwe nzima, isipokuwa tarehe, mahali na sababu ya kifo, ambavyo viachiwe nafasi. Juu yake itiwe tarehe ya kupitiwa mara ya mwisho, na ipitiwe tena kila baada ya uchaguzi au uteuzi mpya. Sauti za zamani zisikilizwe zote mpaka mwisho, kwa sababu maandishi ya kwenye kasha la kanda mara nyingi hayalingani na kilichomo.

Faili hizi zisikae kwenye mtambo unaochapisha habari. Novemba 2020, Radio France Internationale ilichapisha kimakosa kwenye tovuti yake taazia za watu waliokuwa hai, akiwamo Malkia Elizabeth wa Pili na Pelé. Mstari wa kwanza usomeke: YU HAI, USIRUSHE.

Habari ikifika, hata ikiwa imeshaenea kwenye simu za watu, isubiriwe kauli ya familia au ya Serikali. Kifo cha Maalim Seif kilitangazwa na Rais Hussein Ali Mwinyi mwenyewe. Hapo ndipo taarab na matangazo ya biashara yasimamishwe, kisomo cha Kurani kilichokwisha kuchaguliwa kiwekwe, na mhariri wa zamu ajaze nafasi zilizoachwa, huku mwenzake akiulizia msikiti na saa ya sala ya maiti, maana hilo ndilo wasikilizaji watakalopiga simu kuuliza kwanza.