Diski ya harusi isioze kabatini

Mama mmoja wa Ngamiani aliniletea CD ya harusi yake, niliyoipiga na kuichoma (yaani kuirekodi kwenye diski) mwenyewe miaka tisa nyuma. Haikufunguka. Nikaiinua kwenye taa: matundu madogo madogo kama chujio, na pale nilipobandika stika ya maharusi, utando wa fedha ulikuwa umebanduka na gundi. Nakala nyingine sikuwa nayo. Aibu ile sijaisahau.

Kosa la kwanza lilikuwa kuchagua CD. Tabaka la data liko juu, chini ya lebo, limefunikwa na vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa upande wa maandishi ndio unaoua. Kwenye DVD tabaka limekaa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6, kwa hiyo afadhali. Ila CD na DVD za kawaida za kuchoma zote hutumia rangi ya kemikali, na rangi hupauka kwa joto na mwanga. Zenye RW, zile za kufuta na kuandika upya, usiziweke akiba kabisa.

Siku hizi nachoma BD-R, yaani diski ya Blu-ray ya kuchoma, ya GB 25. Soma kasha vizuri: likiandikwa LTH, rudisha dukani, maana hiyo nayo ni ya rangi. Zisizo LTH zina tabaka lisilopauka hivyo. Kazi ya mteja anayelipa vizuri naiweka kwenye M-DISC, diski iliyoundwa kutunza data muda mrefu. Watengenezaji wake wanadai miaka 1000. Mimi sitakuwepo kuwasuta.

Jina la kwenye kasha lisikutoshe, kwani kampuni moja huweza kuuza diski za viwanda tofauti. Nunua chache kwanza, ingiza moja kwenye kompyuta, fungua ImgBurn, programu ya kuchoma diski, usome msimbo wa kiwanda kilichoitengeneza. Choma, kisha iache programu ilinganishe data na faili za awali. Hapo ndipo ununue boksi zima, mapema, maana Sony waliacha kutengeneza diski za kuchoma Februari 2025.

Mimi sichomi kwa spidi ya juu kabisa. Stika marufuku: andika kwa maka peni ya maji, kwenye duara la ndani lililo wazi. Simamisha kila diski ndani ya kasha lake, gizani, mbali na ukuta unaotoa jasho. Hapa Tanga masika hata viatu huota ukungu. Nakala ya pili ikae nyumba nyingine, na ya tatu kwenye hadidiski. Kabatini nimeweka pia draivu ya Blu-ray ya akiba, ikiwa bado kwenye nailoni yake.