Somo: Shambulizi la Marshall, New York 1918

Habari zenu wanachama. Tandazeni ubao wa sataranji (chess), tusogeze kete pamoja. Capablanca wa Cuba ana nyeupe, Marshall wa Marekani ana nyeusi. Ufunguzi ni wa Kihispania.

Herufi: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi; hatua isiyo na herufi ni ya kitunda. x ni kula, + ni kumtishia mfalme, ! ni hatua nzuri, O-O ni mfalme na ngome yake kubadilishana upande, na nukta tatu ni hatua ya nyeusi.

Hatua ya kwanza, chezeni haraka: 1. e4 e5 2. Nf3 Nc6 3. Bb5 a6 4. Ba4 Nf6 5. O-O Be7 6. Re1 b5 7. Bb3 O-O 8. c3.

Hatua ya pili: 8...d5! Hili ndilo Shambulizi la Marshall. Nyeusi anatoa kitunda cha e5: 9. exd5 Nxd5 10. Nxe5 Nxe5 11. Rxe5. Simameni hapa mtazame. Ngome ya a1, farasi wa b1 na askofu wa c1 bado wamelala, na upande wa mfalme mweupe hauna mlinzi. Hicho ndicho Marshall alichonunua.

Hatua ya tatu: 11...Nf6 12. Re1 Bd6 13. h3 Ng4 14. Qf3 Qh4 15. d4! Kwangu mimi hii ndiyo hatua kubwa ya mchezo wote. Moto unawaka, naye Capablanca anamfungulia njia askofu wa c1.

Hatua ya nne: 15...Nxf2 16. Re2 Bg4 17. hxg4 Bh2+ 18. Kf1 Bg3 19. Rxf2 Qh1+ 20. Ke2. Mfuateni mfalme huyu: f1, e2, baadaye d3, mwisho c2, ametulia. Nyeusi akiila ngome ya f2, nyeupe ana askofu na farasi kwa ngome. Kitunda chake cha b kikapanda hadi b7, na 36. Bxf7+ ikamaliza kazi.

Maswali

*Mwalimu, mbona kwenye 16 malkia hakumla farasi wa f2?*
Angejibiwa 16...Bh2+ 17. Kf1 Bg3. Malkia akila f7, ngome inamla huku ikimtishia mfalme, na nyeupe anabaki na ngome tu kwa malkia wake. Ila nyeusi asikosee mpangilio: 16...Bg3 moja kwa moja inaadhibiwa na 17. Qxf7+! Rxf7 18. Re8 mati, kwa sababu askofu wa b3 ameifunga ngome ya f7: ikisogea kumkinga mfalme, askofu anamtishia mfalme.

*Kwa hiyo shambulizi hili halifai tena?*
Linafaa sana, kaka. Siku hizi wakali wanacheza 11...c6, farasi wa d5 anapata mhimili, yaani kitunda cha c6 kinamlinda.

*Nikiwa na nyeupe na sitaki vurugu hizo?*
Dada, usicheze 8. c3. Cheza 8. a4 au 8. h3.