Utafiti ukiwa chuo cha jamii Marekani: pa kuanzia, na lini

Mwanafunzi wa chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) nchini Marekani ana takribani mihula minne kabla ya kuhamia chuo kikuu cha miaka minne. Hesabu hiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Anayengoja mwaka wa pili ili "azoee masomo kwanza" hushtuka kukuta maombi ya utafiti wa kiangazi yanafungwa kati ya Januari na Machi, barua za mapendekezo zinatakiwa papo hapo, na hakuna mwalimu aliyewahi kumwona akifanya lolote zaidi ya kujibu mtihani. Panga kinyumenyume: weka kiangazi mezani, kisha rudi nyuma hadi siku ya kujisajili kozi.

Anzia darasani

Vyuo hivi kwa kawaida havina maabara kubwa zilizojaa wanafunzi wa uzamivu. Mwalimu wa kudumu hufundisha hadi kozi tano kwa muhula, na mara nyingi mkataba wake haumlipi kwa kufanya utafiti. Ndiyo maana utafiti mwingi umefichwa ndani ya kozi zenyewe: darasa zima linashughulikia swali ambalo hata mwalimu hana jibu lake. Mtandao wa vyuo vya jamii uitwao CCURI, ulioanzia Finger Lakes Community College katika jimbo la New York, umejengwa juu ya wazo hilo. Katika programu ya Tiny Earth wanafunzi husaka udongoni bakteria wanaoweza kutoa dawa mpya za antibiotiki. Katika programu ya SEA-PHAGES, iliyoanza mwaka 2008, husaka virusi vinavyoshambulia bakteria.

Kozi hizi mara nyingi hazijitangazi. Kwenye ratiba utaona mikondo mitatu ya biolojia ya mwaka wa kwanza, na tofauti pekee ni maelezo ya mstari mmoja chini ya mkondo mmojawapo. Mshauri wa masomo huenda asijue, maana ana wanafunzi mamia. Mwandikie mkuu wa idara swali moja tu: ni mkondo upi wa kozi hii unaofanya mradi wa utafiti, na nani anaufundisha? Fanya hivyo kabla dirisha la usajili halijafunguliwa, kwa sababu viti vya maabara ni vichache.

Chukua SEA-PHAGES uone kazi yenyewe ilivyo. Unachota udongo, unauchanganya na kimiminika cha lishe, kisha unachuja kwa kichujio chenye matundu ya mikromita 0.22: bakteria wanabaki juu, virusi vinapita. Maji yaliyochujwa unayachanganya na bakteria wa maabara na agari (jeli ya kukuzia bakteria) iliyoyeyushwa, unamimina kwenye sahani, na baada ya siku moja au mbili utando wa bakteria unaonyesha vidoa angavu pale virusi vilipowaua. Hapo ndipo mambo huharibika. Agari ikiwa ya moto mno inaua bakteria wenyewe, sahani inatoka tupu, na mwanafunzi anashangilia akidhani virusi vimewamaliza wote. Ikipoa mno inaganda mabongemabonge ndani ya tyubu na huoni kitu. Sahani ya kulinganishia, ile isiyotiwa virusi, ndiyo itakayokuambia kosa ni la agari. Anayeiruka kwa haraka hana pa kusimamia.

Kisha kuna usafishaji: unachukua kidoa kimoja, unakipanda upya, na kurudia raundi tatu hivi mpaka vidoa vyote vifanane. Ukiikatisha kazi hii, muhula wa pili unaweza kujikuta unasoma DNA ya virusi viwili vilivyochanganyika, na hakuna kompyuta itakayokuokoa kirahisi.

Andika yote haya kwenye daftari: tarehe, bechi ya agari, halijoto, na hasa kilichoharibika na ulichofanya baadaye. Sio kwa ajili ya alama tu. Daftari hilo ndilo utakalolifungua Desemba unapoandika maombi.

Kumwendea mwalimu

Kama chuo chako hakina kozi ya namna hiyo, njia iliyobaki ni mradi binafsi chini ya mwalimu. Nenda saa za ofisi wiki ya tatu au ya nne ya muhula. Wiki ya kwanza anahangaika na usajili, na kuanzia katikati ya muhula anasahihisha mitihani. Barua pepe ya "naomba nafasi ya utafiti" haijibiki, kwa kuwa inamtaka mwalimu abuni mradi, atafute vifaa na muda. Omba kitu kidogo chenye mipaka:

"Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wako wa kemia, mkondo wa Jumanne. Katika maabara ya nne matokeo ya makundi yetu yalitofautiana sana kwa sampuli ileile ya maji. Ningependa kurudia kipimo hicho kwa sampuli kumi muhula ujao, saa tatu kwa wiki. Je, naweza kuja Alhamisi tuzungumze dakika 15?"

Ujumbe huo unaonyesha swali, kiasi cha kazi na muda. Hata akikataa mradi, ana cha kukurudishia.

Kuhusu krediti, kadiria saa tatu za maabara kwa wiki kwa krediti moja, ila vyuo hutofautiana. Mtego upo kwenye kuhamisha: vyuo vikuu vingi huipokea kozi ya mradi binafsi kama ya hiari tu, haifuti kozi yoyote ya lazima, na vingine haviipokei kabisa. Waulize kwa maandishi unakotaka kuhamia, kabla hujalipa ada.

Mradi wako ukihusisha kuwahoji watu au kusambaza dodoso, unahitaji idhini ya bodi ya maadili ya utafiti, inayojulikana kwa kifupi IRB, kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Majibu uliyoyakusanya kabla ya idhini huwezi kuyahalalisha baadaye, utaanza upya. Kwa mradi wa muhula mmoja wenye wiki 15 au 16, idhini ikikawia kidogo muda umekwisha. Ndiyo maana kwa anayeanza, data zilizokwisha kuchapishwa hadharani ni salama zaidi.

Kiangazi

Programu maarufu ya utafiti wa kiangazi ni REU, inayofadhiliwa na NSF, wakala wa serikali kuu unaogharamia sayansi. Kila kituo huchukua wanafunzi wapatao kumi kwa wiki 8 hadi 10, huwalipa posho, na vingi hugharamia malazi na nauli. Anayesomea shahada ya miaka miwili anaruhusiwa sawa na wa miaka minne. Jambo ambalo wengi hawalijui: hata ukiwa umemaliza chuo cha jamii Mei na chuo kikuu unaanza Agosti, bado una sifa ingawa kiangazi hicho hujasajiliwa chuo chochote. Orodha ya vituo hubadilika kila mwaka kufuatana na bajeti, basi hakikisha ukurasa unaousoma ni wa mwaka huu.

Wizara ya Nishati nayo ina programu ya CCI, iliyoundwa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vya jamii peke yao, kwenye maabara za taifa kama Argonne na Brookhaven. Huko hushindani na wanafunzi wa vyuo vikuu vikubwa, kwa hiyo iweke juu ya orodha yako.

Fedha za REU na CCI ni za raia na wakazi wa kudumu. Mwenye viza ya F-1, ya mwanafunzi wa kigeni, hawezi kulipwa kwa fedha hizo, ila anaweza kuulizia nafasi za kulipwa ndani ya chuo chake, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi ya nje ya chuo inataka kibali kupitia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa *kabla* ya siku ya kwanza kazini. Utafiti ulio ndani ya kozi hauna kikwazo hicho.

Tuma maombi kwa programu sita hadi kumi. Barua za mapendekezo, kwa kawaida mbili, ziombe wiki nne kabla, na mpe mwalimu faili moja: wasifu wako, orodha ya programu na tarehe zake, na ripoti yako bora ya maabara. Barua nyembamba mara nyingi hutokana na mwanafunzi kutompa mwalimu cha kuandika.

Katika insha, achana na "tangu utotoni nilipenda sayansi". Wasomaji wameichoka. Eleza kwa aya moja ulichofanya kwa mikono yako, kilichokwama, na ulivyokikwamua: sahani tupu, sababu uliyodhani, sahani ya kulinganishia ikakusahihisha. Kisha taja miradi miwili ya kituo hicho unayoitaka na kwa nini.

Kabla ya kutuma, linganisha kalenda. Vyuo vya mfumo wa robo (vinavyogawa mwaka wa masomo kwa robo badala ya mihula), kama vya jimbo la Washington, humaliza katikati ya Juni ilhali programu nyingi huanza mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Mwandikie mratibu mapema uulize kama utapokewa ukichelewa; wengine hukubali, wengine kamwe. Uliza pia malipo ya kwanza hutoka lini na kama nauli unaitanguliza wewe. Posho nyingi hazikatwi kodi zinapolipwa, lakini kodi inaweza kudaiwa mwakani, kwa hiyo tenga kiasi.

Ukiwekwa kwenye orodha ya kungojea, jibu siku hiyohiyo kuwa bado unaitaka nafasi. Waliochaguliwa hupata sehemu mbili tatu na kuachia nyingine, na viti hivyo huendelea kufunguka Aprili, mara nyingine hata Mei.